Kutoka Geneva Hadi Lufira: Ripoti za Tabianchi na Maamuzi ya Serikali

Mhadhara wa wazi uliotolewa Likasi, Haut-Katanga. Maneno ya pembeni kwa wasikilizaji yameachwa kama yalivyosemwa.

Najua ni Jumamosi, na kuna walioacha shamba na kuna walioacha matanga ili wawe hapa. Umeme ukikatika nitaendelea gizani, kwa hiyo mwenye kalamu aandike mapema.

Kila baada ya miaka michache redio hututangazia kwamba wanasayansi wa dunia wametoa ripoti mpya ya tabianchi. Siku mbili tatu inazungumzwa, kisha kimya. Ninalotaka tulifuate leo ni safari ya ripoti hiyo ikishatoka. Nani serikalini huisoma? Anachukua nini, anaacha nini, na alichokichukua kinafikaje kwenye mfereji wa komini ya Kikula na kwenye shamba la Kapolowe? Jibu langu nalitoa sasa hivi, ili mwenye kulipinga apate muda wa kujiandaa: dola yetu imezisoma ripoti hizi kwa jicho la msitu mkubwa, kwa kuwa msitu ndio unaolipiwa, na sisi wa kusini, tusio na msitu ule, hatutasomwa mpaka tuwe na vipimo vyetu wenyewe.

HOJA YA KWANZA: Ripoti hizi zina mkono wa serikali ndani yake

Jopo linaloziandika sisi tunaliita GIEC, kwa Kifaransa. Jirani zetu wa Zambia na Tanzania wanaliita IPCC. Liliundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la hali ya hewa na la mazingira. Makao yake ni Geneva. Wanachama ni nchi 195, na yetu imo. Jopo lenyewe halifanyi utafiti wala halina maabara. Kazi yake ni kusoma yaliyokwisha kuchapishwa na kusema yanakubaliana wapi na yanapishana wapi. Sehemu ya kwanza ya ripoti yake ya sita, iliyotoka Agosti 2021, iliandikwa na wataalamu 234 waliopitia machapisho zaidi ya 14,000.

Sura nene za ripoti ni za wanasayansi. Ule muhtasari wa watunga sera, ambao ndio mawaziri wanaousoma (na wengine hawafiki hata hapo), una utaratibu wake, na naomba tukae nao kidogo kwa sababu ndio moyo wa jambo. Wajumbe wa serikali huketi ukumbini pamoja na waandishi. Sentensi moja hutupwa kwenye skrini. Mjumbe wa nchi hii huinua kibao chake na kusema neno fulani ni zito mno. Wa nchi ile huinua chake na kusema ni jepesi mno. Mwandishi wa sura husimama na kueleza data zinaruhusu nini na haziruhusu nini. Sentensi isipokubaliwa na wote, haipiti. Hivyo hivyo mpaka mwisho, usiku na mchana, na wakati mwingine mkutano hupitiliza siku zake. Serikali zinaweza kulainisha neno, lakini haziwezi kutia jambo ambalo sayansi haikulisema, maana waandishi wapo wamekaa.

Mfano mmoja. Mwaka 1995, mjini Madrid, walibishana juu ya sentensi iliyosema kwamba mkono wa binadamu katika tabianchi umeanza kuonekana. Saudi Arabia na Kuwait hazikuitaka. Ilipita, kwa maneno ya tahadhari sana. Ripoti ya 2021 ilisema kwamba binadamu ameipasha dunia joto na hakuna shaka tena juu ya hilo. Umbali kati ya sentensi hizo mbili ni miaka 26, na kila hatua katikati ina saini za serikali, zikiwemo zile zinazoishi kwa mafuta. Ndiyo maana waziri yeyote akisimama leo na kusema haya ni mambo ya Wazungu wa mazingira, mnaweza kumwuliza kwa adabu kama ameona kwamba nchi yake ni mwanachama wa jopo.

Hata hivyo kukubali sentensi si kuifuata. Mwaka 2015 nchi zilizokutana Paris ziliwaomba wanasayansi waeleze nini kitatokea joto likipanda kwa nyuzi 1.5. Jibu lilikuja Oktoba 2018: ili kubaki hapo, utoaji wa hewa ya kaboni unatakiwa kushuka kwa karibu asilimia 45 ifikapo 2030 ukilinganishwa na 2010. Miezi miwili baadaye, huko Katowice, Poland, mkutano wa nchi zote ulipotaka kuipokea ripoti kwa neno la kuikaribisha, Marekani, Urusi, Saudi Arabia na Kuwait zilikataa. Zilitaka iandikwe tu kwamba mkutano umeiona. Waliagiza jibu wao wenyewe, na lilipofika baadhi yao wakasimama mlangoni.

Kwa vijana wa uhandisi naongeza jambo dogo. Maneno ya ripoti hizi yana vipimo. Wakisema jambo huenda likatokea, maana yake ni uwezekano wa asilimia 66 au zaidi. Wakisema kuna uwezekano mkubwa sana, ni 90 au zaidi. Anayechora daraja la mto Panda anahitaji namba hizo kuliko anavyohitaji hotuba. Na ripoti haimwamuru achore vipi. Inamwambia ukifanya hivi tarajia hivi, kisha inamwachia yeye na bajeti yake.

HOJA YA PILI: Kinshasa ilichukua kilicholipiwa

Ripoti ya kwanza ya jopo ilitoka 1990, na mwaka 1992 huko Rio ukatiwa saini mkataba wa dunia wa tabianchi. Nchi yetu, wakati huo Zaire, iliuridhia mwaka 1995. Ripoti ya tano ilikamilika 2014. Mwaka uliofuata yakaja Makubaliano ya Paris, na Kinshasa ikayaridhia Desemba 2017. Kwa mikataba hatuko nyuma ya mtu.

Paris iliitaka kila nchi iandike ahadi yake, ile inayoitwa CDN. Ya kwanza, ya mwaka 2015, iliahidi kupunguza gesi joto kwa asilimia 17 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ya kuendelea hivi hivi. Mwaka 2021 ahadi ikapandishwa hadi asilimia 21. Lakini isomeni vizuri: katika hizo 21, asilimia 2 tu ndizo za mfuko wetu wenyewe, na 19 zinangoja msaada kutoka nje. Gharama yote imekadiriwa kuwa karibu dola bilioni 49. Mtu akikwambia atajenga nyumba ya vyumba 21, viwili kwa fedha yake na 19 kwa fedha ya shemeji, utamwuliza shemeji amesemaje.

Shemeji amesema jambo moja: msitu. Mwaka 2016 nchi wafadhili za mpango wa misitu ya Afrika ya Kati, Norway ikiwa mbele, zilitia saini na Kinshasa barua ya dola milioni 200. Mwaka 2021, huko Glasgow, Rais Tshisekedi na Waziri Mkuu wa Uingereza Boris Johnson walitangaza nyingine ya dola milioni 500 kwa miaka mitano. Fedha hizo zinafuata mantiki ya ripoti: msitu wa bonde la Kongo umehifadhi kaboni nyingi, ukikatwa kaboni inapanda angani, basi bora kuulipia usimame. Mantiki ni safi. Tunachopaswa kuona ni jinsi ilivyochagua ukurasa wa kusoma.

Hadithi ya udongo wa mboji inaonyesha hilo, kwa uzuri wake na ubaya wake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba chini ya misitu ya majimaji ya katikati ya bonde, pande zote mbili za mpaka wetu na Brazzaville, kuna udongo wa mboji, ule Wafaransa wanauita tourbe, wenye kaboni kama tani bilioni 30 katika eneo la kilomita za mraba 145,500. Mwaka 2022 wakarudi na vipimo zaidi vya upande wetu, wakiwemo Wakongomani kama Profesa Corneille Ewango wa Kisangani, na eneo likaongezeka hadi 167,600. Hawa watu waliingia bwawani kwa miguu na kushindilia vyuma vya kupimia udongo chini ya maji. Kazi yao ilipanda ngazi kwa kasi: Machi 2018 kukawa na Azimio la Brazzaville la kuulinda udongo ule, kisha ukaingia katika ahadi za nchi. Kutoka tope mpaka sera, miaka michache tu. Nani kasema serikali zetu hazisikii sayansi?

Halafu ikaja Julai 2022. Kinshasa ilizindua mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi, na baadhi ya vitalu hivyo vilikaa juu ya udongo ule ule. Makelele yalikuwa makubwa. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Wengine waliita unafiki. Mimi sioni neno hilo likitusaidia. Serikali si kichwa kimoja. Wizara ya mazingira ilisoma ripoti. Wizara ya mafuta ilisoma bei ya pipa, ambayo mwaka ule ilikuwa juu kwa sababu ya vita vya Ukraine. Mwaka huo huo Ujerumani ilirudisha vituo vya makaa ya mawe kazini. Na Norway inayotulipa tusikate miti ndiyo Norway inayochimba mafuta baharini. Ripoti ikiingia katika serikali yoyote inakuta meza nyingi, na kila meza ina njaa yake.

Kuna mlango mwingine ambao ripoti hupitia, wa kimya, na nautaja haraka. Jopo hutoa pia vitabu vya kanuni za hesabu, kile kikubwa kikiwa cha mwaka 2006: namna nchi inavyohesabu gesi joto za mashamba, misitu, viwanda na takataka zake. Afisa wetu wa misitu anayezungusha utepe kwenye shina la mti na kuandika kipenyo anafuata kitabu hicho, hata kama hajakiona. Hakuna mbunge aliyekijadili, lakini kinaongoza takwimu zetu kuliko sheria nyingi.

HOJA YA TATU: Likasi iko upande gani wa mstari?

Sasa tuje nyumbani. Jopo, katika ripoti ya sita, limeigawa dunia katika maeneo ili liweze kusema kwa kila eneo nini kimebadilika na nini kinakuja. Sehemu kubwa ya nchi yetu imo katika Afrika ya Kati. Mstari wa kusini wa eneo hilo unapita kwenye latitudo ya 10. Likasi iko karibu kabisa na latitudo ya 11. Kwa ramani ya sayansi, basi, sisi hatuko pamoja na Kinshasa na Kisangani. Tuko katika eneo la mashariki mwa Kusini mwa Afrika, pamoja na Zambia, Zimbabwe, Malawi na Msumbiji. Ukipanda treni hapa kwenda Bukama unavuka mpaka huo njiani, pasipo forodha wala hodi. (Naona mnacheka. Forodha wakisikia wataweka kizuizi.)

Wakulima wetu hawahitaji ramani kulijua hilo. Huu ni ukanda wa miombo, wenye masika moja kutoka Novemba hadi Aprili na kiangazi kirefu baada yake. Kwa eneo letu ripoti inasema ukame unaoumiza mimea umeongezeka. Mvua zinazokuja kwa kishindo zimeongezeka na zitaendelea kuongezeka. Na kwa Kusini mwa Afrika masika yanatarajiwa kuchelewa kuanza. Yasomeni mawili ya mwanzo pamoja. Ni maji kidogo kwenye udongo, na maji mengi siku moja barabarani. Kwa bara zima, wanakadiria kwamba joto limekwisha kupunguza ukuaji wa tija ya kilimo kwa asilimia 34 tangu 1961, pigo kubwa kuliko la bara jingine lolote.

Tuliuonja ukweli huo kwa bei ya unga. Masika ya 2023 hadi 2024 mvua ziligoma upande wa Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hichilema alitangaza janga la taifa: karibu hekta milioni moja za mahindi, katika milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Bwawa la Kariba lilishuka, umeme wao ukawa wa kugawana. Nani humu ndani asiyejua kwamba unga wa bukari, ugali wetu wa Haut-Katanga, unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa? Ukame ulikuwa wao, njaa ya sufuria ikawa yetu pia.

Hapo lakini nawaomba uangalifu, kwa kuwa sayansi ina heshima pale inapokataa kusema tunachotaka kusikia. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution liliuchunguza ukame ule mara moja, na jibu lao lilikuwa kwamba kilichouleta hasa ni El Niño, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupata joto. Hawakuona alama kubwa ya mabadiliko ya tabianchi katika upungufu wa mvua wenyewe. Kwa mtunga sera hiyo ni habari nzuri ya kufanyia kazi. El Niño huonekana miezi kadhaa kabla. Serikali ya jimbo inaweza kununua mahindi mapema. Ukisingizia kila kitu tabianchi, unajinyima hata kile unachoweza kukitabiri.

Na tuangalie maji yetu. Bwawa la Mwadingusha lilianza kazi 1930 juu ya mto Lufira, ziwa Tshangalele likazaliwa, na mpaka leo viwanda vya ukanda huu vinategemea mashine zake, zilizokarabatiwa na kurudishwa kwenye gridi mwaka 2021, na zile za Koni chini yake. Ziwa lile ni pana na halina kina kikubwa. Linajazwa na masika, kisha linapaswa kudumu hadi Oktoba huku jua likilinyonya na wavuvi wa Kapolowe wakiishi kwalo. Masika yakichelewa kwa wiki tatu, wa kwanza kujua ni mvuvi, wa pili ni fundi wa turbini. Kiangazi kikiwa kirefu umeme hupungua, umeme ukipungua mama ananunua makala (mkaa), makala yakinunuliwa miombo inakwenda, na miombo ndiyo inayoshika maji ya Lufira. Katika nchi ambayo mtu mmoja tu kati ya watano hivi ana umeme, nani atamlaumu mama huyo?

Je, sera imetufikia hata mara moja? Ndiyo. Mwaka 2006 nchi iliandika mpango wake wa kwanza wa hatua za haraka za kukabiliana na tabianchi, na mradi uliotokana nao ulifika Katanga kupitia kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA huko Kipopo, karibu na Lubumbashi, ukiwa na mbegu bora kwa wakulima. Ulikuwa mdogo, lakini ulikwenda njia iliyo sawa: ripoti, mpango, kituo, mbegu, mkono wa mkulima. Fedha za msitu sijaona zikitengenezewa njia kama hiyo ya kuja kwetu.

HOJA YA NNE: Doa la kijivu

Katika muhtasari wa 2021 kuna mchoro ambao kila eneo la dunia limepewa rangi kulingana na mvua kubwa: rangi moja kwa walioona ongezeko, nyingine kwa wasio na uhakika. Afrika ya Kati ni ya kijivu. Maana ya kijivu ni kwamba data hazitoshi kusema lolote. Nchi yenye mto wa pili duniani kwa wingi wa maji, nayo haina vipimo vya mvua vya kutosha kujaza rangi.

Hilo lina gharama ya damu. Tarehe 4 Mei 2023 mvua ilishuka Kalehe, Kivu Kusini. Maji na mawe yalivifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Kundi lile lile la World Weather Attribution lilitaka kupima kama tabianchi ilikuwa na mkono. Lilishindwa. Mwezi Juni lilitoa taarifa kwamba, kwa uhaba wa data, haliwezi kusema ndiyo wala hapana. Leo kuna mfuko wa dunia wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa 2022. Atakayekwenda kwenye mfuko huo na mafuriko yaliyopimwa atakaa mbele ya yule mwenye makaburi bila kipimo. Huo ni uchungu, na ndio ukweli.

Si kwamba hatukuwahi kupima. Tangu 1933 taasisi ya kilimo ya ukoloni, ile INEAC, ilikuwa na vituo vyake kutoka Yangambi hadi huku kwetu, na mvua ya Lubumbashi imewahi kuchambuliwa kwa mfululizo wa 1916 hadi 1996, takriban miaka 80. Baada ya uhuru mtandao ulikonda, kwa vita, kwa mishahara isiyolipwa, kwa daftari zilizoliwa na mchwa. METTELSAT, wakala wa taifa wa hali ya hewa, ina eneo lenye ukubwa wa Ulaya Magharibi la kuhudumia. Na fedha za utafiti hazitufuati: ripoti yenyewe inakiri kwamba kutoka 1990 hadi 2019 Afrika ilipata asilimia 3.8 tu ya fedha za dunia za utafiti wa tabianchi, na katika utafiti juu ya Afrika, asilimia 78 ya fedha zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Za Kiafrika zilipata 14.5.

Wanafunzi, sikilizeni hapa. Kupima mvua ni kazi ya dakika tatu. Saa mbili kamili asubuhi kwa saa zetu, ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi kwa saa ya dunia, unakwenda kwenye kipimamvua, unamimina maji ndani ya mrija wenye mistari, unainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, unasoma chini ya ule mkunjo, unaandika milimita na sehemu yake ya kumi. Kama hakuna maji, unaandika 0.0. Usiache mahali patupu. Sifuri inasema mvua haikunyesha; patupu panasema mpimaji hakuamka. Atakayechambua daftari lako miaka 30 ijayo hatakuwa na njia ya kukuuliza ilikuwa ipi, na patupu pakizidi atalitupa daftari zima. Madoa ya kijivu ya Geneva yametengenezwa na asubuhi kama hizo.

HOJA YA TANO, fupi: Kobalti ilifika kabla ya wizara

Nimesema ripoti hazitufikii. Ziko zilizotufikia, kwa mlango wa nyuma. Wanasayansi walisema magari ya mafuta yanaipasha dunia joto. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kukomesha kuuza magari mapya yanayotoa kaboni ifikapo 2035. China ilikuwa imekwisha kukimbia mbele. Betri zikahitaji kobalti, na karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu. Hivyo sera iliyoandikwa Brussels kwa kusoma ripoti ya Geneva ilipandisha malori kwenye barabara ya Likasi muda mrefu kabla mtu yeyote hajaleta hapa nakala ya muhtasari. Bei ilipoanguka, Februari 2025 Kinshasa ikasimamisha usafirishaji wa kobalti nje, kisha ikaweka viwango. Hiyo nayo ni sera iliyozaliwa na ripoti za tabianchi, hata kama wizara ya mazingira haikushika kalamu. Mji wa kuyeyusha madini unapaswa kusoma sehemu ya ripoti inayohusu upunguzaji wa gesi joto kwa makini kama wavuvi wanavyosoma maji, maana ndani yake mna ajira zake za miaka 20 ijayo.

YALIYO MBELE YETU

Jopo limeingia mzunguko wake wa saba. Mwenyekiti wake, Jim Skea, alichaguliwa jijini Nairobi Julai 2023, na mmoja wa makamu wake ni Mtanzania, Ladislaus Chang'a, mtu wa hali ya hewa anayezungumza lugha hii tunayoizungumza. Katika mzunguko huu kuna ripoti maalumu juu ya miji, iliyopangwa kutoka 2027, na pamoja na ripoti kubwa zijazo utakuja mwongozo uliorekebishwa wa kupima athari na hatua za kukabiliana nazo. Ule wa zamani ni wa 1994. Miji inayosomwa sana ni yenye vyuo vikubwa na bandari. Mji wa madini wa ukubwa wa kati kama wetu, wenye mabonde, mifereji ya miaka ulipoitwa Jadotville na watu walioongezeka mara nyingi tangu ilipochimbwa, hauandikwi kwa urahisi. Rasimu za ripoti hizi hufunguliwa kwa wahakiki. Mtu hujiandikisha mwenyewe, akieleza utaalamu wake. Haombi ruhusa Kinshasa. Mhandisi wa maji wa hapa, au mwalimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Likasi, anaweza kuandika: katika ukurasa huu hamkusema lolote juu ya miji ya ukanda wa shaba, na hii hapa kazi iliyochapishwa. Waandishi wanalazimika kujibu kila maoni. Lakini lazima kazi iwe imechapishwa kwanza, na hapo tunarudi kwa daftari.

Mheshimiwa Meya, maombi yangu kwako ni mawili. La kwanza: kila moja ya komini zetu nne, Kikula, Likasi, Panda na Shituru, iwe na kipimamvua, kiwe kwenye uwanja wa shule, na daftari lake nakala yake ipelekwe METTELSAT na nyingine chuoni. Chombo cha kawaida hakizidi bei ya simu ya mkononi. Gharama halisi ni mtu wa kuamka, na walimu wa sayansi wakipewa posho ndogo watapatikana. La pili: tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa Machi 2018, asilimia 15 ya mrabaha inakwenda moja kwa moja kwa serikali ya mahali mgodi ulipo, 25 kwa jimbo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Najua sisi tunayeyusha zaidi kuliko tunavyochimba, na majirani zetu wa Kambove wana fungu nono kuliko letu. Ndiyo maana nashauri mkae nao mezani kwa ajili ya bonde la Lufira kwa ujumla, miti ya juu na mifereji ya chini, na mstari wa bajeti uandikwe kwa jina lake, si kufichwa ndani ya usafi wa mji.

Kwa machifu: mnayo kumbukumbu ya chemchemi zilizokauka na miaka iliyokauka. Wanafunzi watakuja kuwauliza kabla ya Novemba. Tafadhali wapokeeni, na muwaambie hata yale ambayo hamna uhakika nayo, wayaandike hivyo hivyo, bila uhakika.

Kwa wanafunzi wenyewe, fomu ya kujiandikisha kuwa wapimaji iko pale mezani kwa katibu. Chuo kimekubali kuwafundisha siku mbili kabla ya mvua za kwanza. Anayejijua kuwa halali mapema ajaze jina la jirani yake.

Sasa maswali, na tuanze na akina mama.